Kabla hujatoboa resiva: .22 inayosumbua usafi, dalili moja moja na chanzo chake

Kuna swali linarudi kila mara kwa watu wenye bunduki ndogo za .22 za nusu otomatiki, bunduki inakwama kwama, mtu anaamua "ni uchafu", anagundua fimbo ya kusafishia haipiti kwa nyuma maana resiva (ule mwili wa bunduki unaobeba bolti na triga) imezibwa, basi wazo la kwanza ni kuchukua drili atoboe tundu kule nyuma. Mi sipingi tundu, na yangu moja ninayo. Ila wengi wanaotoboa walikuwa na tatizo lisilohusiana kabisa na mtutu. Uchafu wa .22 unakaa nyuma, kwenye chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa), kwenye uso wa bolti (kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma), chini ya kile kikucha cha kutolea ganda. Mtutu wenyewe ni wa mwisho kulalamika. Kwahiyo nimepanga hapa kwa dalili, mambo mepesi yanatangulia, suala la kutoboa nimeliweka mbele mbele huko, ukifika pale labda utakuta hulihitaji tena.

Kwanza tuelewane kwa nini hizi risasi ni chafu hivi. .22 LR (Long Rifle, ile risasi ya kawaida ya bunduki hizi) ni ya tangu 1887 na bado inatumia mtindo ule ule wa zamani, baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda na pini inagonga ukingo, haigongi katikati. Kichwa mara nyingi ni ledi tupu kiasi cha greni 40 kilichopakwa nta kwa nje, kwahiyo kila risasi inaacha masizi, nta, na vumbi la ledi. (Kiswahili hapa kinatuchanganya, risasi ni unachopiga na risasi ni hayo madini pia, kwahiyo huku chini madini nitayaita ledi tu yaishe.) Bunduki ya nusu otomatiki nayo inajifungua mara tu baada ya kupiga, kwahiyo sehemu ya moshi wote huo inarudi nyuma ndani ya resiva. Nta ikichanganyika na masizi na oili yako uliyomwaga kwa mapenzi inakuwa kama gundi nyeusi, na hiyo gundi ndio mgonjwa wetu karibu kila mahali hapa chini.

Mifano mingi nitatoa kwa Ruger 10/22, iliyoingia sokoni 1964, kwa sababu ndio watu wanayo na ndio wanayoitoboa. Kama yako ni nyingine kanuni ni zile zile ila vipande vinakaa tofauti, soma kitabu chake.

Usalama, usiruke hapa

Magazini nje. Vuta bolti nyuma, angalia chemba kwa macho, alafu ingiza kidole kidogo uhisi kama kuna kitu. Fanya mara mbili. Kuna bunduki zenye magazini ya mrija, kama Marlin Model 60, ile unaweza kudhani umemaliza kumbe kuna risasi imelala ndani ya mrija, kwahiyo vuta na kuachia bolti mara kadhaa mpaka uhakikishe, alafu uangalie tena. Risasi zote zitoke kwenye chumba unachofanyia kazi, sio pembeni ya meza, zitoke kabisa. Miwani vaa, springi za humu ndani ni ndogo na zina hasira. Fungua dirisha, na ukimaliza nawa kwa maji baridi na sabuni kabla hujagusa mdomo wala chakula, ledi haina harufu wala ladha ya kukushtua.

Na sheria. Resiva kwenye nchi nyingi ndio bunduki yenyewe kisheria, ndio yenye namba. Kuna sehemu kutoboa tundu ni kazi ya mwenye leseni tu, kuna sehemu hawajali. Uliza kabla, na namba ya usajili hata iwe imekaa vibaya kiasi gani usiikaribie na chombo chochote.

"Ganda halitoki, linakwama au linabanwa mlangoni"

Hili ndio namba moja, na watu huwa wanakimbilia kusafisha mtutu wakati mtutu hauhusiki hata kidogo.

Chanzo cha kwanza ni chemba chafu. Mbele kidogo ya pale mdomo wa ganda unapoishia kunajengeka pete ya masizi na nta, ganda likipanuka wakati wa kupiga linaing'ang'ania. Ukiwa na tochi nzuri unaiona, duara jeusi lisilong'aa. Na kama umewahi kupiga zile fupi, .22 Short, kwenye chemba ya LR basi pete inakaa nyuma zaidi kwa sababu ganda lake ni fupi, ukirudi kwenye LR ndio unaona makubwa. Dawa yake haihitaji tundu lolote: chukua brashi ya shaba ya .22, ifunge kwenye kipande kifupi cha fimbo au waya unaopinda, tia dawa ya kusafishia kidogo, ingiza kupitia mlango wa kutolea maganda, izungushe. Sio kusukuma mbele nyuma, zungusha, mizunguko kumi kumi na tano kufuata mshale wa saa tu maana ukirudisha kinyume inaweza kujifungua ikabaki humo. Acha dawa ikae dakika kumi, rudia, futa kavu. Chemba ibaki kavu, ukiacha oili humo ganda halishiki ukuta vizuri na bolti inakula kipigo kikubwa kuliko ilivyopaswa.

Cha pili, kikucha cha kutolea ganda, ekstrakta. Kina ncha kali inayoshika ukingo, na chini yake kuna kinafasi kinachojaa gundi mpaka kikucha hakirudi ndani. Chukua kijiti cha meno, chokonoa, utashangaa kinachotoka. Siku ya kwanza mimi nilitoa kitu kama kipande cha mkaa mdogo, chenye umbo kamili la ile nafasi, nikakiweka juu ya karatasi nyeupe nikakiangalia, alafu nikakumbuka wiki mbili zote nimekuwa nasugua mtutu. Bunduki ilirudi sawa bila kitu kingine chochote.

Kama umechokonoa na bado, kitoe kabisa: unasukuma kile kipini chake nyuma kwa bisibisi nyembamba kikucha kinachomoka. Fanya hiyo kazi mikono na bolti vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, kwa sababu springi ikiruka kwenye zulia umeshaiaga. Angalia ncha, kama imekuwa butu au imemeguka nunua nyingine, usijaribu kuinoa kwa faili, pembe yake ina maana.

Cha tatu, risasi hazina nguvu ya kutosha. Zile za kasi ya kawaida zinatembea kama mita 325 hivi kwa sekunde, za kasi kubwa zinafika 380. Za chini ya kasi ya sauti kwenye bunduki ya nusu otomatiki yenye springi ngumu zinaweza kushindwa kurudisha bolti mpaka mwisho, ganda linatoka nusu linabanwa na mlango, mnaita bomba la jiko. Jaribu aina nyingine kabla hujalaumu chuma.

Cha nne na ni nadra, chemba imeumia. Mtu amepiga pini kavu bila risasi kwenye bunduki isiyoruhusu, pini imegonga ukingo wa chemba ikaacha kovu lililovimba kwa ndani. Utaliona ganda lililotoka lina mkwaruzo mmoja mahali pale pale kila mara. Hapo simama. Kuna chombo maalum cha kulainisha hilo kovu na fundi silaha anacho, we ukiingiza faili pale umeharibu chemba nzima.

"Pini inagonga, risasi haitoki"

Kwanza kabisa mdomo wa bunduki ubaki unaelekea sehemu salama na uhesabu sekunde 30 nzima kabla hujafungua, kuna risasi zinachelewa. Baada ya hapo toa ile risasi uangalie alama ukingoni. Alama ikiwa nzito, ya kuingia kabisa, basi pini imefanya kazi na risasi ndio mbovu, mara nyingi ile baruti ya kuwashia haikusambaa vizuri ukingo mzima pale kiwandani, ni ugonjwa wa risasi zote za aina hii. Ukiwa uwanjani ukaizungusha ikagongwa upande mwingine mara nyingi inatoka. Kama inatokea moja kwenye mia na ni risasi za bei ya kutupa, huna tatizo.

Alama ikiwa nyepesi, kama kucha imegusa tu, basi rudi kwa bunduki. Kwanza uso wa bolti, kile kishimo cha duara ambamo ukingo unakaa. Kikijaa gundi risasi haikai hadi mwisho, na hapa tunaongelea vipimo vidogo sana, ukingo wenyewe una unene wa milimita 1 na chembe, kwahiyo tabaka la uchafu la unene wa karatasi ni sehemu kubwa tu ya hicho kipimo. Pili bolti haifungi hadi mbele, ukisukuma mkono wake kwa kidole gumba ukaona inasogea kidogo tena, ndio hiyo, rudi kwenye chemba chafu. Tatu mfereji wa pini, watu wanaupaka oili, oili inakusanya masizi, pini inatembea kama iko kwenye uji. Ule mfereji osha kwa dawa, puliza, uache mkavu. Ukikuta alama bado ni nyepesi baada ya hayo yote angalia ncha ya pini kama imemeguka, badilisha pini au springi ya nyundo. Kipimo kati ya uso wa bolti na chemba kikiwa kimezidi hicho sio cha nyumbani, fundi anacho kipimo chake.

Na ukiona maganda yanatoka yamepasuka ukingoni au yamevimba tumbo karibu na kitako, usiendelee hata na risasi moja ya "ngoja nijaribu". Hiyo bunduki inapiga bolti ikiwa haijafunga au kipimo kimeharibika, na gesi ikitoka inakuja usoni kwako.

"Haiingizi risasi mpya"

Hapa fupi tu. Ni magazini, tisa kati ya kumi kwa macho yangu. Ile ya duara ya 10/22 inafunguka kwa skrubu moja, ila ndani kuna springi imekazwa kwa idadi fulani ya mizunguko, ukifungua bila kujua unapata puzzle ya jioni nzima, kwahiyo kabla ya kufungua jaribu kuosha kwa dawa inayokauka yenyewe, kuisukuma sukuma risasi ya kwanza kwa kidole, na kuiacha ikauke. Usipake oili ndani. Midomo yake ikiwa imepinda nunua nyingine tu, ukiwa na magazini mbili unapata na faida ya kujua haraka kama tatizo ni magazini au ni bunduki: badilisha, kama ugonjwa unahama na magazini, basi umeshapata jibu.

"Nimesafisha vizuri alafu shabaha imekufa"

Hii inawauma watu sana, umefanya jambo la heshima unalipwa hivi. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mtutu wa .22 unapenda kuwa na tabaka jembamba la nta ndani yake, ukilitoa lote inabidi ulirudishe, risasi kumi, ishirini hivi ndio zinaanza tena kutua pamoja. Vivyo hivyo ukibadilisha aina ya risasi, nta ni tofauti, upe muda kabla hujahukumu.

Kama umeshapiga hizo ishirini na bado inatawanya, kamata skrubu. Ile moja ya kitako, ile bendi ya mbele kama unayo, skrubu za kushikilia darubini. Ulifungua kitako ili usafishe, ulipofunga hukukaza kama mwanzo, basi. Weka alama ndogo ya rangi kwenye kichwa cha skrubu na kwenye kitako kabla ya kufungua, ukirudisha alama zikutane.

Alafu kuna ledi. Tazama ndani ya mtutu kwa mwanga kutoka upande mmoja, ukiona michirizi ya kijivu imelala kwenye mifereji, hasa inchi za mwanzo mbele ya chemba, hiyo haitoki kwa kitambaa, inataka brashi ya shaba na uvumilivu. Sugua mara chache, kitambaa, angalia, rudia. Sio mara mia.

La mwisho ndio la kuhuzunisha, mdomo wa mtutu umeliwa na fimbo. Na hili linatupeleka moja kwa moja kwenye tundu.

"Fimbo haipiti kwa nyuma, nasafishia kwa mdomo"

Resiva ya 10/22 ya kawaida imefungwa nyuma, kwahiyo fimbo inaingia kwa mbele. Ubaya ni mawili. Moja, uchafu unausukuma kuelekea chemba na ndani ya resiva, kule kule unakotaka usiwepo. Pili, fimbo ikiegemea upande inasugua ule ukingo wa mwisho wa mtutu, na ule ukingo ndio kitu cha mwisho kugusa kichwa kabla hakijaondoka, ukiwa umeliwa upande mmoja gesi inakisukuma pembeni. Fimbo za vipande vipande vya alumini ndio mbaya kuliko zote, laini, zinanasa chembe za mchanga na zinageuka msasa.

Kabla ya drili jaribu hizi kwa mpangilio. Kamba ya kuvuta, ile yenye brashi imeshonwa ndani yake: unaangusha uzito wake kupitia chemba unavuta utokee mbele, uelekeo sahihi, fimbo hakuna, dakika moja. Kwa mtu anayepiga makopo wikendi hiyo inatosha maisha. Pia kuna waya mwembamba uliofunikwa plastiki wenye jicho la kuweka kitambaa, kazi ile ile na kitambaa kila mara ni kipya. Kama lazima utumie fimbo kwa mbele, basi iwe ya kipande kimoja iliyofunikwa plastiki, uifute kila inapotoka, na uwe na kile kikoni cha shaba au plastiki kinachokaa mdomoni kuiweka katikati. Au toa mtutu wenyewe, kwenye 10/22 unashikwa na kipande chenye umbo la V na skrubu mbili, ukitoka unasafisha kwa nyuma kama mfalme, ingawa kila ukiufungua na kuufunga unabadilisha kidogo ulivyokaa na itabidi urekebishe shabaha. Toleo la kutenganishwa vipande viwili, Takedown, lililotoka 2012, limetengenezwa mtutu utoke kwa mkono, mwenye hiyo asisome hata sehemu inayofuata.

Bado unataka tundu? Sawa, sababu nzuri zipo, mtu wa mashindano, mtutu wa bei mbaya, mtu anayetaka kutumia mrija wa kuongoza fimbo. Wazo lenyewe ni rahisi, tundu la milimita 6 na kidogo nyuma ya resiva lililonyooka kabisa na katikati ya mtutu, unatoa bolti, unapitisha fimbo. Inawezekana kwenye 10/22 kwa sababu ile resiva ni alumini na kipigo cha bolti hakiishii kwenye ukuta wa nyuma, kinaishia kwenye pini nene ya kuzuia bolti. Sio kila bunduki iko hivyo. Kama kwenye yako ukuta wa nyuma unabeba kitu, springi, bolti, kitako, usitoboe. Na kama ni resiva ya chuma kigumu usitoboe pia, drili itatembea.

Neno gumu kwenye sentensi ile juu ni "katikati". Drili ya mkono haiwezi, usinibishie, nimeshaona tundu la drili ya mkono limekaa kama jicho la kuumwa. Kazi hii ni ya drili ya mezani angalau, na kifaa cha kuongoza kinachokaa mahali pa mtutu ili ncha ifuate mstari wake. Fundi mwenye mashine ya kuchonga anaifanya haraka, na hapo ndio ningeishia mimi kushauri, nunua muda wake. Tena siku hizi zipo resiva zinazotoka zimeshatobolewa kiwandani, ukipiga hesabu ya kuharibu yako, unaona.

"Nimeshatoboa na sasa kuna mambo mapya"

Fimbo inasugua tundu. Angalia kwanza kama ni ncha kali tu zilizobaki pembeni, zilainishe kwa mkono ndani na nje, kwa kifaa cha kukatia kingo au msasa laini uliozungushwa. Kama bado, tundu liko pembeni. Usilipanue upande mmoja ulifukuzie, utaishia na yai. Wanaofanya vizuri wanalipanua duara zima kidogo alafu wanatumia mrija wa kuongoza fimbo unaoshikwa na chemba yenyewe, kwahiyo tundu haliguswi tena. Yangu iko hivyo, ilikosea kama nusu milimita, na fundi aliyetoboa alinipa mrija bila hata kuniambia kwa nini.

Bolti imekuwa nzito, inakwaruza. Ni chembe za alumini, karibu hakika. Watu wanatoboa bila kutoa kila kitu, au wanaosha juu juu. Toa triga nzima, bolti, springi yake, pini, osha resiva kwa maji ya moto na sabuni kwa mswaki, kausha, pitisha kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe. Ukikuta chembe ndani ya kikasha cha triga kioshe nacho kwa dawa bila kukifungua vipande, na kama zimeshaingia kwenye meno ya triga (yale yanayoishikilia nyundo mpaka uvute), peleka kwa fundi.

Alumini imebaki wazi imetoka rangi. Hiyo ni sura tu, kalamu ya kupaka rangi chuma inatosha, au kizibo cha raba kuzuia vumbi.

Ufa. Ukiona mstari mwembamba unatoka kwenye tundu kuelekea popote, hiyo resiva imekufa. Sio ya kuchomelea, sio ya kugundisha.

"Nimefungua, sasa hairudi"

Ya kuchekesha ila inajirudia. Kitako hakitoki wala hakirudi: kitufe cha sefti kiko upande mmoja, kiweke katikati kabisa ndio kinapita. Kikasha cha triga hakiingii: nyundo imelala mbele, ikaze nyuma kwanza. Bolti haikai: geuza resiva miguu juu, vuta mkono wa bolti na springi yake nyuma, tumbukiza bolti kwa kuinamisha, inaingia yenyewe kwa pembe moja tu, usigonge na nyundo. Pini mbili za triga zinadondoka kila ukiinamisha bunduki bila kitako, hiyo ni kawaida kwa nyingi, zishike tu au weka kipande cha mkanda wa karatasi.

Ile pini ya chuma ya kuzuia bolti watu wanaibadilisha na ya plastiki ngumu ili kelele na kipigo vipungue, na kweli inatoka kirahisi zaidi siku ya usafi. Ikilegea au ikionyesha meno badilisha, rudisha hata ya chuma.

"Kitu kimekwama ndani ya mtutu"

Inategemea ni nini. Kitambaa au brashi: tia dawa ya kupenyeza pande zote mbili, lala nayo usiku, asubuhi sukuma kwa fimbo nzima iliyonyooka kutoka upande ambao njia ni fupi. Usigonge kwa chuma cha kuokoteza, na kamwe, nasema kamwe, usifikirie kukitoa kwa kupiga risasi.

Kichwa cha risasi kilichobaki humo: unakijua kwa mlio mdogo wa ajabu, kama "pu", na hakuna tundu kwenye shabaha. Mlio ukiwa hivyo usivute triga tena hata kama bolti imejirudisha vizuri. Toa magazini, toa iliyoko chembani, angalia mtutu kwa mwanga. Risasi ya pili juu ya ya kwanza inavimbisha mtutu au kuupasua. Kukitoa ni kazi ya fundi, na mwambie ukweli kama ulipiga nyingine baada yake, maana inabidi apime uvimbe.

"Tangu niifungue, triga imekuwa tofauti"

Hii nimeiweka peke yake kwa sababu wengi wakishakuwa ndani kwa ajili ya usafi wanaona yale meno ya triga wanasema ngoja nilainishe kidogo. Ukikuta triga nyepesi ghafla, kabla ya lolote jiulize kama ulimwaga oili nyingi au kama chembe imekaa kati ya meno. Osha, kausha, tone moja tu. Alafu ikiwa tupu kabisa, umeangalia mara mbili, na kitabu chako kinaruhusu kupiga pini kavu (10/22 inaruhusu, bunduki nyingi za zamani za .22 haziruhusu, kwa hizo tumia risasi bandia), ikaze, weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, ondoa sefti: nyundo haipaswi kudondoka yenyewe. Ikaze tena, gonga kitako chini kwenye zulia mara mbili tatu. Vuta bolti uiachie igonge mbele kwa nguvu zake zote, mara tano. Nyundo ikidondoka hata mara moja kati ya hizo, usiiweke magazini, funga bunduki kwenye kabati, na kesho yake iende kwa fundi ikiwa na kikasha cha triga vile vile kilivyo, bila wewe kugusa kitu kingine humo ndani.